Jina la Jack Trice si rangi ya ukuta

Kwa wakaaji wengi wa mashariki ya Congo, jina la Ames halisemi kitu. Ni mji mdogo wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, nchi ya mahindi na nguruwe. Lakini kilometa kama 50 kusini ya Ames kuko Des Moines, na kule familia nyingi zilizokimbia vita vya Congo zimepata makao. Mashangazi, wajomba, watoto wa ndugu: wanafanya kazi kule, wanasali kule kwa Kiswahili, na watoto wao wanasoma kule. Baadhi ya watoto hao wataingia siku moja kwenye Chuo Kikuu cha Iowa State, kilicho Ames. Watapita mbele ya kiwanja kikubwa cha michezo chenye jina la mtu mweusi: Jack Trice.

Swali ni hili: watakapopita pale, watajua ni jina la nani? Au wataona maandiko tu, kama mtu anavyoona tangazo la bia kando ya barabara?

Swali hilo si dogo. Kile chuo kinajenga, kinabomoa, kinapanua. Kiwanja kimeongezwa, barabara zimepewa majina mapya, na kati ya kiwanja na ukumbi wa mpira wa kikapu wa Hilton Coliseum kunapandishwa mtaa mzima wa maduka na biashara unaoitwa CYTown. Fedha inaingia. Mahali fedha inaingia kwa wingi, kumbukumbu ya maskini husukumwa pembeni. Si kwa ubaya wa mtu fulani. Tingatinga haliulizi nani amelala chini.

Kwa hiyo neno hili lisemwe wazi: kumheshimu Jack Trice hakuishi siku jina linapopigwa misumari ukutani. Siku hiyo ndiyo kazi inaanza. Na wale wanaosema "amepewa kiwanja, sasa tuendelee na mambo mengine" hawajui kiwanja hicho kilipatikana namna gani.

Kijana aliyetoka kijijini

John Trice, ambaye wote walimwita Jack, alizaliwa mwaka 1902 katika kijiji cha Hiram, jimbo la Ohio. Babu na bibi zake walikuwa wamezaliwa katika utumwa. Baba yake aliwahi kuwa askari katika vikosi vya weusi vya jeshi la Marekani, kisha akawa mkulima. Baba alikufa Jack akiwa bado mtoto mdogo. Mama, Anna, alibaki na mwana mmoja. Alifanya jambo ambalo wazazi wengi wa Masisi, Rutshuru au Fizi wanalielewa bila kuelezwa: alimtuma mtoto mjini, kwa mjomba, asome. Mji huo ulikuwa Cleveland, na shule ilikuwa East Technical.

Pale Jack akajulikana kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mkononi na kugongana kifua kwa kifua. Kocha wake, Sam Willaman, alipoitwa Iowa State mwaka 1922, Jack na wenzake kadhaa walimfuata. Hakukuwa na masomo ya bure kwa wachezaji nyakati zile. Jack alifanya kazi za mikono ili alipe masomo yake. Alimwoa Cora Mae, naye akaja kusoma Ames. Akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika chuo hicho.

Alichosomea ni ufugaji wa wanyama. Hapa wasikilizaji wa vijijini wategee sikio. Nia yake haikuwa kuwa nyota. Nia yake ilikuwa kumaliza masomo, kwenda kusini ya Marekani, na kuwafundisha wakulima weusi namna ya kulima na kufuga vizuri zaidi. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na mtu mwingine mweusi aliyepita chuo kile kile, George Washington Carver, aliyefika Ames mwaka 1891 akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi, na baadaye akafundisha wakulima wa kusini maisha yake yote.

Basi tangu mwanzo Jack Trice alikuwa mtu wa kurudisha. Alipewa elimu ili aipeleke kwa wengine. Anayemkumbuka kwa mpira peke yake amemkumbuka nusu.

Siku mbili za mwezi wa kumi

Tarehe 5 mwezi wa 10, 1923, timu ya Iowa State ilikuwa Minneapolis kwa ajili ya mchezo na Chuo Kikuu cha Minnesota. Usiku ule Jack alichukua karatasi ya hoteli, akajiandikia barua yeye mwenyewe. Aliandika kwamba kesho heshima ya taifa lake la weusi, ya familia yake na yake mwenyewe iko hatarini. Kwamba kila mtu anangojea afanye makubwa, na atayafanya. Kwamba atautupa mwili wake wote na roho yake yote katika mchezo. Kisha akajikumbusha mambo ya kazi: avunje mstari wa wapinzani, awe macho kila dakika. Akaikunja, akaiweka katika mfuko wa koti.

Kesho yake alivunjika mfupa wa bega mapema katika mchezo. Akasema yuko sawa, akaendelea. Katika kipindi cha tatu alijirusha mbele ya wapinzani ili awazuie, akaanguka chali, na wachezaji wa Minnesota wakampita juu. Alitolewa, akapelekwa hospitali. Waganga wakasema anaweza kusafiri. Alirudishwa Ames kwa gari la moshi, amelazwa juu ya godoro la majani. Tarehe 8 alikufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Alikuwa na miaka 21. Ulikuwa mchezo wake wa pili tu katika timu kubwa ya chuo.

Je, walimkanyaga kwa kusudi? Watu wamebishana miaka mia moja, na hakuna aliyelifunga shauri hilo. Lakini hata asiyetaka kuhukumu hao wachezaji hawezi kukana hewa ya wakati ule. Ilikuwa Marekani ya kubagua. Viko vyuo ambavyo havikukubali mtu mweusi akanyage kiwanja chao. Kijana anayeandika usiku kwamba heshima ya watu wake wote iko mabegani mwake anajua vizuri macho gani yanamngojea asubuhi. Mzungu mwenzake aliyelala chumba kingine hakuhitaji kuandika barua kama hiyo.

Kesho yake ya kifo watu kati ya 3,000 na 4,000 walikusanyika katikati ya chuo kwa kilio. Sanduku lilifunikwa kwa rangi za timu, nyekundu na dhahabu. Barua ilikuwa imepatikana ndani ya koti, na rais wa chuo, Raymond Pearson, akaisoma mbele ya wote. Wanafunzi wakachanga zaidi ya dola 2,000, fedha nyingi kwa wakati ule, kwa ajili ya mama na gharama za matibabu na mazishi. Mwili ukarudishwa Hiram.

Mama Anna alimwandikia rais wa chuo baadaye. Alisema kwamba kama maisha na kifo cha mwanawe vitawapa moyo wanafunzi weusi watakaokuja Ames, basi hakuishi bure. Lakini akaongeza kwamba, pamoja na heshima zote hizo, huyo ndiye peke yake aliyekuwa naye, na sasa yeye ni mzee na amebaki pekee.

Mama yeyote aliyezika mtoto kambini anaijua sauti hiyo. Inashukuru, na papo hapo inadai. Mama Anna alipokea heshima na akaweka sharti: iwape moyo wanafunzi weusi watakaokuja. Sharti hilo ndilo deni. Deni hilo halilipwi kwa saruji.

Miaka hamsini ya usahaulifu

Chuo kiliweka bamba la ukumbusho lenye maneno ya barua katika jengo la michezo la State Gym. Kisha, nini? Kisha vumbi. Watu walipita mbele ya bamba lile kwa miongo bila kulisoma. Mwaka 1957 kijana mmoja, Tom Emmerson, aliliona, akauliza, akaandika habari. Moto ukawaka kidogo, ukazimika tena.

Hapa wako wanaotetea: "Lakini chuo hakikumkatalia. Kiliweka bamba!" Ndiyo, kiliweka. Na ndiyo sababu mfano huu ni mzuri kwa kila mji na kila chuo. Bamba halikuibwa, halikuvunjwa. Lilibaki mahali pake, na mtu akasahauliwa mbele yake. Jiwe peke yake halikumbuki. Anayekumbuka ni mtu, na mtu lazima afundishwe.

Mwaka 1973 darasa moja la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, pamoja na mwalimu wao Charles Sohn, walichimba habari hiyo upya. Wakati huo chuo kilikuwa kinajenga kiwanja kipya, kwa sababu kile cha zamani, Clyde Williams Field, kilikuwa kimechoka. Wanafunzi wakasema: kiwanja kipya kiitwe Jack Trice. Serikali ya wanafunzi ikaunga mkono.

Wakubwa hawakutaka. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1975, na jina lililopendekezwa na kamati likawa Cyclone Stadium, kwa jina la utani la timu. Jina lisilomkera mtu, na lisilomkumbusha mtu kitu.

Wanafunzi hawakunyamaza. Waliomaliza masomo waliwaachia wadogo zao mapambano, kama mtu anavyoachia ndugu yake shamba. Mwaka 1984 wakubwa wakatoa jibu la kukata mkate vipande viwili: kiwanja chote kibaki Cyclone Stadium, na nyasi za ndani ziitwe Jack Trice Field. Wanafunzi wakaona haitoshi. Wakachanga fedha zao, wakasimamisha sanamu ya Trice katikati ya chuo mwaka 1988. Wakaendelea kusukuma. Mwaka 1997, miaka 24 baada ya lile darasa kuanza, kiwanja kizima kikaitwa Jack Trice Stadium, na sanamu ikahamishiwa pale. Kwa miaka mingi kimekuwa kiwanja pekee cha vyuo vya daraja la juu katika mpira wa Marekani chenye jina la mtu mweusi.

Basi ijulikane ni nani aliyetoa heshima hiyo. Si wakubwa wa chuo. Si tajiri. Ni vijana wa miaka 18 na 20, wasio na fedha wala cheo, vizazi sita au saba vya wanafunzi vikifuatana. Yeyote anayesema leo kwamba chuo "kilimpa" Trice kiwanja anageuza habari. Chuo kilikubali kushindwa na wanafunzi wake, na kilifanya vizuri kukubali.

Wanaosema "alicheza michezo miwili tu"

Ziko hoja tatu ambazo hurudi kila mara, Ames na kwingineko. Zote zinastahili jibu.

Ya kwanza: Trice hakuwa mchezaji mkubwa. Alicheza michezo miwili. Hakuleta kombe. Kwa nini kiwanja, na si makocha au mabingwa walioleta ushindi?

Jibu: kama kiwanja ni cha kuhesabu mabao, basi hoja hiyo inashinda. Lakini hakuna mahali watu wanatoa majina kwa kuhesabu mabao. Kinshasa, kiwanja kikubwa kuliko vyote nchini kiliitwa Kamanyola kilipofunguliwa mwaka 1994. Mwaka 1997, mwaka ule ule wa Jack Trice Stadium, kikaitwa Stade des Martyrs, kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani mwezi wa 6 mwaka 1966: Kimba, Anany, Bamba na Mahamba. Hakuna hata mmoja wao anayetajwa kwa kupiga mpira. Na hakuna Mkongo anayesema jina hilo limewekwa mahali pasipofaa. Kiwanja ni mahali watu wengi hukutana, na jina lake ni neno ambalo mji unaamua kulirudia kila juma. Ames imeamua kurudia neno la kijana aliyejitoa mwili na roho kwa ajili ya wengine.

Ya pili: mambo ya kale yanagawanya watu. Kiwanja ni cha furaha, usiingize huzuni na mambo ya rangi.

Jibu: mambo ya rangi yaliingia kiwanjani kabla ya mtu yeyote kuandika jina. Yaliingia siku weusi walipofungiwa mlango. Kuyataja si kuyaleta. Tena tazama hesabu: Iowa State na Minnesota walikaa zaidi ya miaka sitini bila kucheza, hadi mwaka 1989. Nani basi aliyegawanya, waliosema au walionyamaza?

Ya tatu ndiyo yenye nguvu leo, kwa sababu inavaa suti: fedha. Jina la kiwanja lina bei. Kampuni ziko tayari kulipa. Kwa fedha hiyo chuo kitajenga, kitasomesha, kitaboresha. Jina la marehemu halileti kitu.

Hoja hii isikataliwe kwa hasira. Chuo kinahitaji fedha. Na ni kweli kwamba hadi leo hakuna aliyeondoa jina la Trice mlangoni. Lakini tazama hatua. Zile nyasi ambazo mwaka 1984 zilipewa jina la Trice, leo zinaitwa kwa jina la kampuni ya umeme, MidAmerican Energy. Utaandikiwa "MidAmerican Energy Field at Jack Trice Stadium", kampuni mbele, marehemu nyuma. Upande wa kusini, ulipofungwa na kuongezwa mwaka 2015 hadi kiwanja kikabeba watu zaidi ya 61,000, kukawekwa sehemu ya viti vya heshima yenye jina la Sukup, tajiri wa biashara. Karibu yake sasa mtaa wa CYTown.

Hakuna uhalifu katika hilo. Waliotoa fedha wametoa, nao washukuriwe. Lakini mzee yeyote wa kijiji anajua namna shamba linavyopotea. Halichukuliwi lote siku moja. Jirani anasogeza mpaka hatua mbili mwaka huu, hatua mbili mwaka kesho, na kila mara anasalimia vizuri. Siku mwenye shamba anapoamka, amebaki na mlango wa nyumba. Ndiyo maana wanaopenda jina la Trice hawana haki ya kulala kwa kuwa tu limeandikwa mlangoni.

Mahali panapobadilika, jina linabeba nini

Kiwanja ambacho Jack Trice alichezea mchezo wake wa kwanza, dhidi ya chuo cha Simpson mwezi wa 9 mwaka 1923, hakipo tena. Kilibomolewa katika miaka ya 1970. Leo pale yamesimama mabweni ya wanafunzi. Moja linaitwa Martin Hall.

Jina hilo lina habari yake. Archie na Nancy Martin walikuwa mume na mke weusi wa Ames. Katika miaka ambayo wanafunzi weusi hawakupata vyumba chuoni, nyumba ya Martin iliwapokea. Walikula pale, walilala pale, walimaliza masomo wakiwa pale. Chuo kimefanya vema kuweka jina lao juu ya bweni, na kuliweka bweni hilo juu ya udongo ambao Trice aliukanyaga. Huo ni mfano wa kujenga bila kuzika. Jengo jipya likapokea kumbukumbu badala ya kuifuta.

Viko vitu vingine vizuri, visemwe pia. State Gym bado imesimama, imetengenezwa upya. Mwaka 2022 barabara inayopita karibu na kiwanja ilipewa jina la Jack Trice Way, na kazi mpya ya sanaa ikasimamishwa kando ya kiwanja. Mwaka 2023, miaka mia ilipotimia, chuo kilimtunuku shahada yake ya ufugaji, ile aliyoifuata tangu Ohio. Ilichelewa miaka mia moja, lakini imefika.

Sasa kazi iliyobaki. Kwanza, kila mwanafunzi anayeingia chuo hicho, na hasa kila mchezaji anayevaa nyekundu na dhahabu, afundishwe barua ile na sharti la Mama Anna, si kwa dakika tano za video kabla ya mchezo, bali darasani. Pili, sehemu ya fedha inayoletwa na majina ya kampuni katika kiwanja chenye jina la Trice iende wazi wazi, kwa hesabu inayosomeka, kusomesha watoto wa maskini watakaosoma kilimo na ufugaji na kurudi kuwahudumia watu wao. Hilo ndilo alilotaka. Tatu, wanafunzi wapewe kiti penye meza wakati wa kupanga majengo mapya, kwa sababu historia imeonyesha kwamba wao ndio waliokuwa na kumbukumbu wakati wakubwa walikuwa wamesahau.

Wakubwa wakisema hilo ni gumu, waulizwe kama ni gumu kuliko miaka 24 ya lile darasa.

Kwa wale walio mbali na nyumbani

Mtu anaweza kuuliza: habari hii ya Ames inamhusu nini mama aliyeko chini ya hema ya shitingi, au baba aliyerudi kijijini akakuta nyumba ni majivu?

Inamhusu kwa sababu yeye anaijua kuliko profesa. Mwaka 2025 kambi za kando ya Goma, kama Bulengo na Kanyaruchinya, zilivunjwa. Mahema yaliondolewa, watu wakatawanyika, wengine wakaelekea vijiji vyao, wengine wakatafuta kwa ndugu. Lakini watoto walizaliwa pale. Watu walizikwa pale. Walikuwako walimu waliofundisha chini ya miti bila mshahara, vijana waliopanga timu za mpira kwa mpira wa matambara ili wadogo wasiende kubeba bunduki. Majina yao yako wapi? Mahali pamebadilika sura. Kama hakuna anayeandika, mvua mbili tu zinatosha.

Jack Trice alikuwa na bahati moja katika bahati mbaya yake: karatasi. Barua ile ndani ya koti ndiyo iliyomwokoa mara zote alipotaka kusahauliwa. Mwaka 1957 ilikuwa barua. Mwaka 1973 ilikuwa barua. Bila karatasi ile angekuwa jina katika orodha ya wachezaji wa zamani.

Kwa hiyo familia zilizohama zisingoje serikali ije na sanamu. Daftari la mwanafunzi linatosha. Jina, mwaka, kijiji alikotoka, alifanya nini, amelazwa wapi. Kanisa linaweza kuhifadhi. Shule inaweza kuhifadhi. Komite ya wakimbizi inaweza kuhifadhi. Kikundi cha vijana kinaweza kutoa jina la mwalimu wao aliyekufa kwa kombe la mtaa, na kabla ya mpira kuanza mtu mmoja asimame aeleze alikuwa nani. Haidai dola hata moja.

Na watoto walioko Iowa, wale wanaozungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, waambiwe na wazazi wao kwa simu: mkifika Ames, msipite tu. Simameni mbele ya ile sanamu. Someni. Yule alikuwa mtoto wa mjane, alitoka kijijini, alitumwa kwa mjomba ili asome, na alitaka kurudi kuwasaidia wakulima. Sharti la mama yake linawahusu ninyi. Aliandika kwa ajili ya wanafunzi weusi watakaokuja, na ninyi ndio mmekuja.

Kama siku moja wakubwa wa chuo wataleta karatasi ya kubadili jina la kiwanja, au kulisogeza pembeni hatua mbili nyingine, basi watoto hao wawe wa kwanza kusimama. Watakuwa wanafanya kile ambacho wanafunzi wa Ames wamekifanya siku zote. Jengo ni la mwenye fedha. Lakini jina ni la wale wanaoendelea kulitaja.